Sheria ya nyumba ni dawa pia
Maneno ya komite ya afya mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba



Sisi wa komite ya afya tumepewa nafasi ya kusema juu ya sanduku la afya. Tunajua wengi mnangoja habari za dawa, za kulazwa hospitalini na za maji. Lakini tunaomba ruhusa tuanze na jambo ambalo kwa kawaida tunawaachia wenzetu wa komite ya viwanja, yaani nyumba, kiwanja na karatasi zake. Mwisho wa maneno haya tutaomba mkutano ukubali kwamba sehemu ya pesa za afya itumike kulinda makao ya wanamemba. Tayari kuko walioanza kutuuliza: “Pesa ya dawa inalipaje karatasi ya parseli?” Swali ni la haki, na ndilo tunalojibu leo.

Tuanze na ugonjwa tunaoujua. Pwani hii ya Ziwa Tanganyika, kutoka Uvira kupitia Fizi na kushuka mpaka Kalemie, waganga wanaitaja kati ya sehemu ambamo kolera haiondoki kabisa. Inapoa, kisha inarudi. Njia yake ni moja: uchafu wa mgonjwa unaingia katika maji au chakula cha mtu mzima. Matibabu yake yanajulikana. Mgonjwa akifika mapema, akarudishiwa maji na chumvi mwilini, karibu kila mara anapona. Akicheleweshwa, anaweza kufa kwa saa chache tu.

Kwa hiyo waganga wanafanya kazi yao, mgonjwa anasimama, anarudi nyumbani. Sasa tuulize: anarudi kwenye nyumba gani? Kama nyumba haina choo, au choo ni kimoja kwa nyumba sita, na maji ni yale yale ya ziwa, tumemtibu ili augue tena. Pesa ya sanduku inatoka mara mbili kwa ugonjwa mmoja.

Na kwa nini nyumba haina choo? Watu wanapenda kusema ni ujinga, ni uvivu, wafundishwe. Tuseme ukweli: hakuna mtu hapa asiyejua kazi ya choo. Tulifundishwa kambini mpaka watoto wakayageuza mafundisho kuwa michezo. Ukimuuliza mwanamemba anayepanga, jibu ni moja: “Nitachimba aje kwa kiwanja cha mutu? Kesho ananifukuza, shimo linabaki lake.” Ukimuuliza mwenye nyumba, anasema yeye haishi pale, choo ni kazi ya wapangaji. Ukimuuliza yule aliyejenga kwa kiwanja chenye ugomvi, anasema anangoja shauri liishe. Shimo halichimbwi kwa sababu hakuna mwenye uhakika wa kesho. Hilo si jambo la mafundisho ya usafi. Ni jambo la sheria.

Si choo peke yake. Kifua kikuu kinapita kwa hewa, na kinapenda chumba kidogo kisicho na dirisha ambamo watu wanane wanalala pamoja. Mbu wa malaria anaingia kwa nafasi iliyo kati ya ukuta na paa; ukiifunga hiyo nafasi na kuweka wavu kwa madirisha, unapunguza mbu bila kumeza kidonge. Kule Gambia walifanya utafiti uliotangazwa mwaka 2009: watoto wa nyumba zilizofungwa vizuri walikuwa na upungufu wa damu kidogo kuliko wenzao. Kule Mexico serikali ilisaidia familia maskini kumwaga simenti juu ya sakafu za udongo. Watoto wakapungukiwa minyoo na kuharisha, na akina mama wenyewe wakasema moyo umetulia. Lakini ni nani atamwaga simenti, ni nani atanunua wavu na manjanja mapya, kwa nyumba ambayo anaweza kutolewa wiki ijayo?

Sisi tuliokaa Lugufu na Nyarugusu, upande wa Kigoma, tunakumbuka jinsi mambo yalivyopimwa. Mashirika ya misaada yako na kipimo kinachoitwa Sphere: choo kimoja kisipite watu 20, mtu mmoja apate angalau litri 15 za maji kwa siku, na kila mtu awe na angalau meta mraba 3.5 chini ya paa. Kipimo hakikufikiwa kila wakati, hilo tunalijua kwa miili yetu. Lakini kulikuwa na mtu mwenye daftari, na uliweza kwenda kumuuliza. Tulipovuka ziwa kurudi, wengi wetu kwa misafara ya meli iliyoanza mwaka 2005 kutoka Kigoma hadi Baraka, daftari lile lilibaki ng’ambo. Huku hakuna anayehesabu. Imekuwa sawa na kusema mkimbizi ana kipimo na mwananchi hana.

Kumbe mwananchi anacho. Kipimo chake ni sheria. Shida ni kwamba haijasomwa kwetu. Tuisome basi kidogo.

Katiba yetu ya 18 Februari 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya na ya usalama wa chakula. Kifungu cha 48, kinachofuata palepale, kinahakikisha haki ya makao yenye heshima, ya maji ya kunywa na ya umeme. Vifungu hivi viwili ni majirani. Kifungu cha 34 kinasema mali ya mtu ni kitu kitakatifu, na kwamba serikali ikitaka kuichukua kwa faida ya wote, ni lazima ilipe kwanza fidia ya haki. Angalieni neno hilo “kwanza”. Si kubomoa leo na kulipa siku nyingine.

Nchi yetu iliingia pia, mwaka 1976, katika Mapatano ya Kimataifa juu ya Haki za Kiuchumi, za Kijamii na za Utamaduni. Humo makao ni kifungu cha 11, na afya ni cha 12. Halmashauri ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mapatano hayo ilieleza mwaka 1991 kwamba nyumba ya kufaa si kuta na paa tu. Ilitaja mambo saba: usalama wa kukaa bila kufukuzwa ovyo, huduma kama maji, choo na mwanga, bei ambayo haimalizi chakula cha watoto, nyumba isiyovuja na isiyoleta magonjwa, nyumba ambayo wazee na vilema wanaweza kuingia, mahali palipo karibu na kazi, shule na hospitali, na ujenzi unaoheshimu desturi za watu. Usalama wa kukaa waliuweka wa kwanza, mbele ya paa. Mwaka 2000 halmashauri hiyo hiyo, ikieleza haki ya afya, ikasema haki hiyo haiishi kwenye matibabu. Inaingiza maji safi, chakula, usafi na makao.

Afrika nayo imesema. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu hauna kifungu kinachotaja makao. Lakini mwaka 2001, katika shauri la watu wa Ogoni wa Nigeria, Tume ya Afrika iliamua kwamba ukiunganisha haki ya mali, haki ya afya na haki ya familia, unapata haki ya mtu kuwa na makao ambayo serikali haiwezi kuyabomoa. Yaani afya ni moja ya mawe matatu ya jiko hilo. Anayetuambia leo kwamba nyumba na afya ni masanduku mawili tofauti, amechelewa.

Sasa tushuke kwenye mambo ya kila siku. Tumechagua manne, kwa sababu ndiyo yanayotufikia zaidi kwenye kikao cha Alhamisi.

La kwanza ni kupanga nyumba. Sheria namba 15/025 ya 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Wengi wetu tunaombwa sita, wengine zaidi. Mama anayelipa garanti ya miezi sita anaitoa wapi? Anaitoa kwa chakula, kwa pesa ya kujifungua, kwa dawa ya presha ya mzee. Sheria hiyo inataka pia mpangaji apewe miezi mitatu ya kujitayarisha kabla ya kutoka. Na mkigombana na mwenye nyumba, inawataka mwanze kwa mapatano mbele ya ofisi ya makao ya serikali kabla ya kwenda tribinali. Kumwambia mtu mwenye mtoto wa surua ndani atoke kesho asubuhi si ukali wa kawaida tu. Ni kinyume cha sheria, na mtoto huyo ataenda kulala kwa jirani na kuambukiza watoto wengine.

La pili ni mjane. Mume akifa, mara nyingi ndugu zake wanakuja kabla matanga hayajaisha, wanachukua funguo. Sheria ya Familia, ile ya 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka watoto wa marehemu mbele katika urithi, hata waliozaliwa nje ya ndoa, na inampa mjane haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyokaa na mume wake pamoja na vyombo vyake. Mjane akifukuzwa, tunaona yanayofuata. Anahamia kwa dada yake, watu kumi ndani ya vyumba viwili. Shamba linakwenda, watoto wanakonda. Halafu jina lake linakuja kwetu, linaandikwa “msaada wa chakula na dawa”. Ugonjwa ule ulianza siku funguo zilipochukuliwa.

La tatu ni kiwanja cha zamani. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 iliweka udongo wote kuwa mali ya serikali. Mwananchi alipewa haki ya kuutumia, na uthibitisho wenye nguvu ni setifika ya kuandikishwa. Juu ya ardhi ya vijiji, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba amri ya Rais itakuja kupanga haki za wenyeji. Miaka mingi ilipita bila amri hiyo, na wengi wetu tulikimbia tukiwa na haki ya babu tu, bila karatasi yoyote. Tena muangalie: sheria hiyo inafanya setifika iwe ngumu sana kupingwa ikishapita miaka miwili. Mtu akijiandikishia kiwanja chako wewe ukiwa ukimbizini, siku zinahesabiwa hata kama hujui. Ndiyo maana tunasema usingoje. Hata karatasi ndogo ina kazi: kontra ya kununua, fishi ya parseli, barua ya shefu yenye majina ya mashahidi na majirani wa pande nne. Si setifika, lakini ni mwanzo wa kusimama.

La nne ni gumu, na tunaomba tulisikilize kwa utulivu. Ni wale tuliowakuta ndani ya nyumba zetu. Wengine waliingia kwa nguvu. Lakini wengi ni deplase kama sisi, waliokimbia vita vya milimani wakakuta nyumba tupu. Kuna kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2005 juu ya kurudishiwa nyumba na mali, zinazoitwa Kanuni za Pinheiro. Zinasema anayerudi ana haki ya kurudishiwa kilicho chake. Zinasema pia anayekaa humo asitupwe nje ovyo, apewe wakati na msaada wa kupata pengine. Mapatano ya nchi za Maziwa Makuu ya mwaka 2006 nayo yako na protokoli juu ya mali ya watu wanaorudi, na inakubali njia za wazee na jamii pamoja na tribinali. Haki ni yetu, hilo hatuliachi. Lakini ukimtoa mtu na watoto watano wakati wa mvua, watalala chini ya shitingi kando ya mto, watajisaidia kando ya mto, na sisi tutachota maji chini yake. Kolera haiulizi nani alishinda shauri.

Huenda mfadhili mmoja hapa anajiuliza kama karatasi kweli inabadilisha afya, au ni maneno ya komite tu. Kuna mfano mmoja unaojulikana vizuri. Pembeni ya Buenos Aires, nchini Argentina, mwaka 1981 familia maskini nyingi zilivamia sehemu moja ya ardhi iliyokuwa tupu na kujenga. Mwaka 1984 ikatoka sheria ya kununua ardhi ile kwa wenyewe ili familia zipewe hati. Baadhi ya wenye ardhi wakakubali bei. Wengine wakakataa, wakaenda tribinali, na kesi zikavuta miaka. Hivyo majirani waliofika siku zile zile, wenye umaskini ule ule, wakagawanyika. Huyu akapata hati, yule akabaki bila hati, na si kwa akili ya mmoja wala ubaya wa mwingine. Wachunguzi walipokwenda kuwatazama miaka mingi baadaye, wenye hati walikuwa na kuta na paa bora, watu wachache zaidi ndani ya nyumba moja, na watoto waliosoma zaidi. Watoto wao wadogo walikuwa pia na uzito mzuri zaidi kwa urefu wao. Hawakuwa wametajirika, na benki hazikuwakimbilia. Walipata uhakika tu, na uhakika ule ukageuka matofali.

Hatusemi karatasi inatosha. Karatasi haitibu kuhara, na kuko wenye setifika nzuri ambao nyumba zao zilikwenda na maji usiku Mulongwe ilipofurika Uvira mwezi wa nne mwaka 2020. Ndiyo maana “mahali” ni moja ya yale mambo saba. Hati ya kiwanja kilicho ndani ya njia ya mto ni hati ya hatari. Tunasema tu kwamba dawa bila makao ni maji ndani ya kikapu.

Haya ndiyo tunayoomba mkutano ukubali.

Moja: sehemu moja ya kumi ya sanduku la afya iwekwe kwa makao, kwa mwaka mmoja wa kujaribu. Pesa za dharura, yaani kolera, kujifungua na watoto wadogo, zisiguswe. Mwisho wa mwaka tutaleta hesabu hapa hapa, na mkutano utaamua kuendelea au kuacha.

Mbili: kila kartie iwe na daftari la makao. Tuandike nani anakaa wapi, kwa karatasi gani, watu wangapi ndani, choo kiko au hakiko, maji yanatoka wapi. Lile daftari la kambini tulirudishe, lakini safari hii likae mikononi mwetu.

Tatu: pesa hizo zilipe kwanza safari na gharama za karatasi za wajane, yatima na wazee wasio na mtu. Risiti ziletwe. Hatutalipa kitu kisicho na risiti, hata tukiambiwa ndivyo ilivyo desturi ya ofisi.

Nne: kwa wanamemba wanaopanga, tuwasaidie kuandika mapatano ya choo. Mpangaji anachimba, sanduku linatoa slabu, gharama inatolewa kidogo kidogo kwa kodi ya nyumba, na mwenye nyumba anaweka sahihi kwamba hatamtoa mpaka gharama ile imemalizika. Kila upande unapata kitu, na kartie nzima inapata choo.

Tano: mtu yeyote asitumie jina la shirika kumfukuza aliye ndani ya nyumba yake wakati wa mvua. Mashauri hayo yaletwe kwa wazee na kwa shefu, yapewe siku na maandishi. Wasiposikilizana, tutamsindikiza mwanamemba wetu tribinali.

Na kwenu ndugu wafadhili, tuna ombi moja. Ripoti zenu zinahesabu vizuri wagonjwa waliotibiwa, na tunashukuru kwa kila mmoja. Tunaomba mjifunze pia kuhesabu mgonjwa ambaye hakuugua kwa sababu mama yake hakufukuzwa. Hana kitanda wala fishi hospitalini, kwa hiyo haonekani. Lakini yuko, tunaweza kuwapeleka mkamuone anacheza kwao.

Wapendwa, tulirudi kwa sababu mtu ana kwao. Lakini kwao kwa mtu si mlima na ziwa peke yake. Ni mahali ambapo hakuna atakayemwamsha usiku kumwambia atoke, na ambapo anaweza kuchimba shimo refu bila kuogopa kwamba atalichimbia mwingine. Karatasi tutakazoziandika mwaka huu ni za kufikia hapo.

Sasa maswali, kisha tupige kura.